Ombi la Kurudishiwa Kazi Yangu ya Kushika Pikipiki

Kwa Meneja,
Duka la Vifaa vya Gereji.

Ndugu Meneja,

Kuhusu: Meza ya kuinulia pikipiki mliyotuuzia

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Mimi mzima, mke wangu mzima, na pikipiki ni nzima kuliko sisi sote. Hapo ndipo ilipo shida yangu.

Labda unanikumbuka. Mimi ndiye yule mshonaji mwenye utepe wa kupimia shingoni, niliyekuja dukani na mke wangu mwezi uliopita nikamchosha muuzaji wako kwa maswali. Mke wangu ni mkunga. Huzunguka na pikipiki nyumba hadi nyumba kwa akina mama wanaojifungua, na Jumamosi mchana huitengeneza mwenyewe kwenye gereji yetu ya nyumbani, maana hamwachii fundi yeyote cheni ya pikipiki yake. Miaka yote alifanya kazi hiyo amechuchumaa sakafuni, na mimi nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nimeshika usukani ili pikipiki isianguke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, Ndugu Meneja, na meza yenu imeninyang'anya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuzaji wako alijibu maswali vizuri mno. Nilimuuliza kama meza itabeba pikipiki yetu pamoja na sanduku la vifaa vya ukunga. Akasema itabeba na nguvu itabaki. Akataka kujua kama sakafu yetu ni ya zege na kama imenyooka. Kwa bahati mbaya ni ya zege, na imenyooka. Tumaini langu la mwisho lilikuwa paa. Nilishaipima gereji kwa utepe wa kazini, kama ninavyompima mteja wa suti, na nilikuwa na hakika kwamba pikipiki ikipanda vioo vyake vitagonga mabati. Akasema meza husimama kwenye kimo chochote utakacho. Muuzaji mwingine angenidanganya kidogo, nikapata sababu ya kununa na kuondoka. Huyu wenu hakunisaidia hata kidogo.

2. Meza inashika kuliko mimi. Gurudumu la mbele linabanwa, mikanda inavutwa kushoto na kulia, na pikipiki haitikisiki hata mke wangu akipambana na nati iliyoshika kutu. Mimi nilikuwa natikisika. Mimi nilikuwa napiga chafya. Ni kweli pikipiki iliwahi kumwangukia mguuni, lakini siku hiyo nilikuwa namsimulia jambo la kuchekesha, na alicheka kwanza kabla ya kulia. Meza yenu haimsimulii chochote.

3. Kimo. Zamani tulikuwa chini sote wawili, uso kwa uso, cheni katikati yetu. Wiki nzima mke wangu ni wa watu. Simu ikilia anaondoka na tonge mdomoni. Jumamosi mchana ndipo alipokuwa wangu. Ndipo aliponieleza mtoto yupi aligoma kulia na baba yupi alizimia mlangoni, nami nikamweleza mteja gani ameongezeka kiuno na hataki kukubali. Sasa anakanyaga kikanyagio cha jeki ya meza, meza inapanda, anafanya kazi amesimama, na mimi kwenye ndoo yangu naona mabuti yake tu. Nimejaribu kuzungumza na mabuti hayo. Ninamkumbuka mke wangu naye yumo kwenye gereji ileile, na roho inaniuma.

4. Meza imenishushia heshima nyumbani. Mama mkwe alipotutembelea alipelekwa gereji kwanza. Akaizunguka meza, akaipigapiga mgongoni, akaisifu, ndipo akakumbuka kuniuliza habari za cherehani. Juzi nilipojitolea kubeba mtungi wa gesi, mke wangu akataka kujua uwezo wangu wa mwisho ni kilo ngapi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Ni maneno aliyoyatoa dukani kwenu, na sina pa kuyarudisha.

5. Pini. Meza ikishapanda, mke wangu huchomeka pini ya chuma, ili hata mafuta ya jeki yakivuja isishuke ghafla. Asipoichomeka haingizi hata kidole chini yake. Sasa nauliza, mimi nilichomekwa pini na nani? Miaka yote aliingiza mikono yake chini ya pikipiki kwa sababu tu mimi nimesema nimeshika. Huko ndiko kuaminiwa. Mmeniletea chuma kinachoaminiwa kuliko mimi, tena nilikipima na kukichagua mwenyewe. Nimejichimbia kaburi kwa utepe wangu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtume gari Jumamosi ijayo kabla mke wangu hajaanza kazi, mje kuichukua meza hii. Fedha sidai. Nipeni iliyo mbovu kidogo: inayovuja mafuta kiasi, inayoshuka polepole bila kumuumiza mtu, yenye mkanda mmoja uliokatika, ili pawe na ulazima wa binadamu kuishikilia. Kama hamna, basi niwekeni mimi dukani kama kifaa cha ziada, mke wangu aje kuninunua upya. Nitamjibu maswali yake yote.

Nisalimie muuzaji wako, ingawa yeye ndiye chanzo. Wasalimie pia mlinzi wa getini, na dereva aliyeishusha meza kwa uangalifu ambao sikuuomba.

Wako asiye na kazi,
Fundi Cherehani,
aliyekuwa Mshika Usukani.

Tanbihi: Nilikuwa natoka na barua hii mkononi, nikapitia gereji kuaga. Pikipiki ilikuwa juu. Simu ilikuwa imemkatiza mke wangu katikati ya kazi, akarudi akiwa na mawazo ya mama fulani aliyekaribia kujifungua, akapiga goti na kuingiza mkono chini ya meza kutafuta nati iliyodondoka. Mimi nikaiona pini iko dirishani. Nilitamka neno hilo moja tu, pini, naye akautoa mkono. Meza haikushuka na hakuna kilichotokea, ila mimi nilikaa kwenye ndoo. Yeye akakaa sakafuni mbele yangu, tukawa uso kwa uso kama zamani. Kisha akasema kuanzia leo haingizi mkono chini ya kitu chochote mpaka mimi niitazame pini na kusema ipo. Kwa hiyo meza ibaki. Ninachoomba sasa ni kiti kirefu, ambacho mshonaji akikikalia anatazamana na mkunga aliyesimama. Vipimo nimeviambatisha. Na lile gari lisije Jumamosi, tutakuwa kazini.