Pikapu ya Marehemu Baba

Jumatatu, 3 Machi

Imekwisha! Pikapu ya marehemu baba, iliyolala chini ya turubai tangu tumzike, sasa inang'aa rangi ya machungwa. Viti vina madoa ya chui. Chini nimefunga taa za buluu. Nitaiuza, nimwezekee mama paa jipya. Mvua inamfuata mpaka kitandani. Dosari moja tu: bomba la moshi linakohoa vilevile. Kila nikiwasha, mama anainuka jikoni kwenda kufungua geti, kama vile baba anarudi kutoka kazini. Akifika anasimama kidogo, kisha anarudi. Shemeji, mume wa dada, kanishauri niiuze ilivyo. Wivu huo!

Jumatano, 5 Machi

Mteja kapatikana! Seremala, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana. Atakuja Jumamosi. Nimeng'oa bomba la zamani, nikampa mnunua vyuma chakavu, nikafunga jipya. Kimya kabisa! Kichwa changu hiki, sijui kwa nini watu hawakioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewasha. Mama hakutoka. Nikapiga honi. Akaja taratibu, akauliza gari hilo la nani, na mgeni mbona hakaribishwi ndani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alirudi jikoni, akajifungia. Nimemsikia akilia. Roho imeniuma sana, maana hata msibani hakulia hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Seremala kaja tayari kununua. Kakaa juu ya chui, kawasha, kasikiliza. Kazima. Akasema zamani alikuwa akikisikia kikohozi kile tangu kona ya mbali, anaweka randa chini, anajua rafiki yake kafika. Gari hili, akasema, halimjui rafiki yake. Akampa mama pole upya, akaenda zake kwa miguu. Jioni mvua ikanyesha. Nimesogeza kitanda cha mama tena.

Jumapili, 9 Machi

Bomba la zamani nimelifuata kwa mnunua vyuma chakavu, nimelikuta limebanwa, bapa. Nimelileta hivyo hivyo. Mama kalipangusa, kaliweka kando ya geti. Shemeji kasema sasa nitulie, nisiguse kitu. Yeye anajua nini? Nimechukua nyundo na msumari, nikatoboa bomba jipya ili likohoe. Nikawasha. Mama akainuka. Akasikiliza. Akakaa.

Tundu lilikuwa dogo, basi. Kesho natoboa lingine.