Bwawa la Ukoo Mmoja

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kutoka stendi ya Kasulu hadi Heru Juu, kwamba kuanzia sasa perege wa Mto Malagarasi hataruhusiwa kutoweka bila kibali. Ikaundwa kamati ya kumwokoa. Mwenyekiti wake, Bwana Tharsisi, aliupokea wadhifa kwa unyenyekevu, akaagiza kiti cha kuzunguka.

Kwanza ilitakiwa mbegu. Wavuvi walileta perege wa kila kijito, lakini Tharsisi aliwapitisha wawili tu, dume na jike, wa kijito cha kwao Heru Juu. Wale wa kijito cha Murungu aliwarudisha.

"Hawana nidhamu," alisema. "Tazama wanavyorukaruka."

Wale wawili wakazaa, watoto wao wakazaana, bwawa likajaa. Tharsisi aliburudika kuona samaki wanaofanana kama wanafunzi gwarideni. Kisha wakaanza kuzaliwa wenye midomo iliyopinda. Mvua zilipoleta ugonjwa, nusu ya bwawa ikaelea matumbo juu.

"Wamekosa uzalendo?" alimuuliza Twalibu, bwana samaki wa wilaya.

"Wamezidi undugu, mheshimiwa. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote. Tuchanganye mbegu: wa Murungu, wa Muyama, popote walipobaki."

"Damu nzito kuliko maji, Twalibu."

"Ni kweli, mheshimiwa. Ila samaki anaishi kwenye maji."

Tharsisi alinuna wiki nzima. Lakini mgeni rasmi alikuwa njiani kutoka wizarani, na bwawa lilishaanza kunuka. Ikabidi wazo la Twalibu liwe lake.

Siku ya ziara alihutubia kwa uchungu wa kweli. "Mama Mwanahawa, palipojaa ndugu watupu hapana afya. Akiharibika mmoja, wameharibika wote. Dawa ni kuwatawanya bila kuoneana haya."

Mgeni rasmi alipiga makofi, akaomba wajumbe wa kamati wajitambulishe.

"Prudence, katibu. Mpwa wa mwenyekiti."

"Niyongabo, mhasibu. Shemeji yake."

Bibi mmoja akajiinua taratibu kitini. "Mimi mjumbe wa kawaida. Nilimzaa."

Mama Mwanahawa aliwatazama mmoja mmoja, kisha akageukia bwawa, kisha akawarudia.

"Mwenyekiti, hotuba yako nimeipenda. Tutaitekeleza leo hii, kama ulivyoisema."

Tharsisi alimsogelea. "Na mimi, mama, napelekwa wapi?"

"Murungu."

"Murungu sina ndugu hata wa dawa."

"Ndiyo maana," alisema Mama Mwanahawa.