Sungura Niliyeona Haya Kumgeuza

Leo nimeaibika. Tena si aibu ya kujifungia chumbani ikapita. Nimeaibika mbele ya wateja na bosi wangu, kisha nikapandishwa pikipiki nikapelekwa kuaibika upya kijijini. Naandika haya nikiwa bado na vumbi la safari masikioni.

Kwa wasionijua: nauza katika duka la dawa za mifugo hapa mjini Baraka, barabara ya soko. Tunauza pia wanyama wenyewe: vifaranga, bata, sungura. Duka ni la Mama Zaina. Mimi navaa koti jeupe na watu wananiita Dokta. (Sijasomea udaktari. Nilifanya mafunzo ya siku tatu, nikapewa cheti, nikakitundika juu ya banda la kuku. Kuna jogoo aliwahi kukichafua. Nilikipangusa.)

Najisifu kwa mambo mawili. La kwanza, najua kushika mnyama. Sungura hashikwi masikio, jamani! Unashika ngozi ya shingoni, na mkono wa pili unabeba makalio. La pili, mteja wangu haondoki amenuna. Hilo la pili ndilo lililonimaliza.

Saa tatu asubuhi akaingia Baba Etabo. Ni mzee mpole, mvuvi wa zamani, anaishi kijiji cha kando ya ziwa, nusu saa kwa pikipiki. Nyuma yake, hatua kama sita, alikuja Riziki, mke wa mwanawe Etabo, binti kutoka Nundu, amebeba kikapu kichwani. Mnajua kwetu mambo ya ukwe. Baba mkwe na mke wa mwana hawasimami karibu, hawatazamani usoni, na kuna maneno hayatajwi wakiwa pamoja. Riziki alikishusha kikapu mezani kwangu, akarudi mlangoni na kuangalia barabara.

Riziki nilimkumbuka mara moja. Mwaka jana walikuja hivyo hivyo, Riziki akiwa bibi harusi wa wiki mbili. Mzee alitaka kumpa zawadi ya kuanzia maisha: sungura wawili, dume na jike, afuge.

Sasa sikilizeni. Sungura wa miezi miwili wanafanana. Ukitaka kujua nani ni nani, lazima umgeuze tumbo juu, upanue kidogo kule chini kwa vidole, uangalie. Niambieni basi: baba mkwe amesimama hapa, mke wa mwanawe yuko pale, nami nimgeuze mnyama, nimpanue, nianze kueleza? Nikaona haya. Nikachagua kwa macho tu. Aliyekuwa akirukaruka nikasema ni dume. Aliyejikunyata kwenye kona, ametulia, nikasema ni jike. (Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye cheti.)

"Huyu, Baba, ni bibi kabisa," nilimwambia siku ile. Mzee akafurahi, wakaenda zao.

Na huko nyumbani nani angewageuza? Banda liko katika uwanja wa mkwe. Haya ile ile.

Leo Baba Etabo alianza kwa kukohoa.

"Dokta, hii sungura haizale. Miezi kumi sasa. Hata mara moya."

Haikuwa mara yake ya kwanza kuja. Alipokuja kwanza nilimwambia kila mmoja akae banda lake, na asubuhi jike apelekwe kwa dume. Akarudi kusema wanapigana. Nikamjibu, "Ni ndoa changa, Baba, watazoeana," nikampa vitamini. Akaja mara ya tatu kusema mmoja ameng'atwa sikio mpaka damu. Nikampa dawa ya kidonda. Nikaongeza kwamba jike lile lina kiburi. (Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.)

Leo mzee alishusha sauti, lakini duka letu ni dogo na wateja walikuwa wanne.

"Mama Etabo anasema shida haiko sungura. Anasema ni mukono mubaya ya muke wa mutoto. Mwaka inakaribia kuisha, mimba hakuna. Sungura nayo hakuna. Amesema mbele ya jamaa yote: kesho kutwa, Jumamosi, tunamurudisha kwao Nundu. Etabo mwenyewe yuko Misisi ku machimbo ya zahabu, anakuyaka nyumbani mara moya moya. Miye roho inaniuma. Nikasema, tupite kwanza kwa Dokta, labda iko dawa."

Mke anarudishwa kwao, mume hayupo nyumbani, na ushahidi ni sungura. Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo afikiri. Mimi nikaona mzee ananitazama kwa huzuni, na wateja wananitazama, na juu yangu cheti. Nikataka kulisafisha jina la duka.

"Baba," nikasema, "sisi hapa tunauza mnyama muzima. Lakini tusidanganyane, kuko bantu beko na mukono mubaya. Mnyama anajuaka."

Wateja wakatikisa vichwa. Hekima hiyo! Riziki pale mlangoni alivuta kikwembe chake cha kujitanda kikafunika kichwa. Hakugeuka. Nilimwona, na bado nilikuwa nimeridhika na jibu langu. Ndiyo huduma yangu kwa wateja hiyo: mteja asininunie mimi, nimtafutie mtu mwingine wa kumlaumu.

Mama Zaina alikuwa nyuma anapima pumba. Akatoka akijipangusa mikono.

"Hizi sungura umezigeuza?"

"Mama, Baba Etabo yuko hapa. Na mukamwana wake yuko pale."

"Nimekuuliza umezigeuza."

"Ile siku... niliona haya, Mama."

Mama Zaina ni mwanamke wa swala tano na maneno machache. Akamwambia mzee, "Baba, pole, angalia kwanza barabara." Mzee akageuka upesi sana. Sasa baba mkwe na mke wa mwana wote wakawa wanaitazama barabara, kila mmoja upande wake, kwa heshima zote.

Akamtoa wa kwanza kikapuni, akamgeuza.

"Dume."

"Ndiyo, Mama, huyo ndiye bwana," nikasema na kutabasamu kwa wateja.

Akamtoa wa pili. Akamgeuza. Akaniita kwa kidole. Nikainama.

Ndugu zangu, sungura wa mwaka mmoja hahitaji mafunzo ya siku tatu. Hahitaji hata mafunzo ya saa moja. Vitu vilikuwa pale, viwili, vinaning'inia, havijifichi kwa mtu yeyote.

"Na huyu?" akauliza Mama Zaina.

"Mm."

"Sema, bantu basikie."

"Dume, Mama."

Ningenyamaza hapo, labda ningepona. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe: "Labda amebadilika alipofika kule."

"Amebadilika? Njiani?"

Kulikuwa na mama mmoja amekuja kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Alikaa chini juu ya gunia letu la mahindi, akashika mbavu. "Dokta! Umeozesha ndugu na ndugu yake!" Na kweli, walikuwa watoto wa mama mmoja. Miezi kumi nawalazimisha, nawapa vitamini, nasema mmoja ana kiburi! Ningekuwa mimi ningeng'ata zaidi ya sikio.

Duka zima likacheka. Wa barabarani wakaingia kuuliza, wakaelezwa, wakacheka nao. Hata Baba Etabo, huko alikogeukia, mabega yalikuwa yanatikisika.

Riziki hakucheka. Aliingia ndani, akampita mkwe wake macho yakiwa chini, akaja kusimama mbele ya meza yangu. Ndipo akainua uso. Sikuwahi kusikia sauti yake kabla ya leo.

"Dokta, kule nyumbani balinisema mbele ya bantu. Na we hapa umenisema mbele ya bantu. Sasa utakuya kusema mbele ya bale bale."

Kicheko kikakatika.

"Nitakuandikia karatasi," nikasema. "Nitapiga na muhuri wa duka."

"Karatasi haina mudomo."

Nikamtazama Mama Zaina aniokoe.

"Enda na koti yako," akasema.

"Na duka, Mama?"

"Duka ilikuwa hapa kabla yako."

Akachagua sungura jike aliyekwisha kuzaa mara mbili, amtoe bure kwa Riziki. Akamgeuza, akanigeuzia mimi nione, akamwonyesha yule mama wa dawa ya minyoo, na waliokuwa kwenye foleni wakaomba nao wahakikishe. (Sungura yule naye ameaibika leo. Sikuwa peke yangu.)

Tukachukua pikipiki mbili. Baba Etabo alipanda ya mbele, mimi na Riziki tukapanda ya nyuma, kikapu cha sungura watatu, waliotengwa kwa vipande vya karatasi ngumu, kikiwa mapajani mwangu. Nusu saa ya mashimo. Koti langu lilipofika lilikuwa na rangi ya barabara.

Uwanjani Mama Etabo alikuwa anamenya mihogo na wanawake wa jamaa, kama saba hivi, wale wale waliokuwapo Riziki aliposemwa. Pamoja nao alikuwapo shangazi mzee wa Baba Etabo, ambaye masikio yamechoka. Baba Etabo akasema, "Dokta iko na neno," akakaa kando. Nilipewa kiti. Sikukikalia.

Nikaanza kwa mbali. "Kwa upande wa ufugaji wa kisasa, kutambua jinsia ya..."

Riziki akakohoa.

Nikasogea karibu na neno lenyewe. "Sungura nilizowauzia ni dume zote mbili. Kosa ni yangu. Mukono ya Riziki haina shida."

"Anasema nini?" akauliza shangazi.

"Sema tena, hasikie muzuri," wakaniambia.

Nikasema tena, kwa sauti.

"Riziki amefanya nini?"

"RIZIKI HANA KOSA! SUNGURA NI DUME ZOTE! NI MIYE NILIKOSEA!"

Majirani wakatokea kwenye ua. Dereva wa pikipiki alizima mashine asikie vizuri. Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu, akasema, "Sasa huyu ni dokta wa nini?"

Mama Etabo alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilikuwa mkononi, muhogo nusu.

"Na ulijuaka je kama ni jike?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya wateja kwa mambo makubwa kuliko hilo. Lakini Riziki alikuwa amesimama pale pale, ananitazama, na nilikuwa nimechoka kujiokoa.

"Alikuwa amenyamaza tu, Mama. Yule mwingine alikuwa anaruka. Nikasema, huyu mwenye kunyamaza ndiye jike."

Sikujua jibu langu lina uzito gani mpaka nilipoona wanawake wale saba wakinitazama. Hawakucheka. Mama Etabo akamgeukia Riziki.

"Mwaka muzima huyu mutoto amenyamaza," akasema, si kwa sauti ya kutuambia sisi.

Akaweka kisu chini. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa chumba cha Riziki. Pembeni ya mlango kulikuwa na mzigo umefungwa tayari kwa kitambaa, na sufuria mbili juu yake. Akaubeba mwenyewe, mama mkwe mzima, akaingia nao ndani. Tukamsikia anafungua fundo. Tukasikia sufuria zinarudishwa mahali pake, moja, na ya pili. Hakusema samahani, na sidhani kama ataisema. Lakini alitumia muda mrefu huko ndani kupanga vitu vichache.

Riziki akakaa chini palepale alipokuwa, akalia kwa sauti, na mmoja wa wale wanawake akaenda kukaa naye. Niliumia sana. Kule dukani nilidhani kuchekwa ndiyo adhabu. Kumbe adhabu ilikuwa kuuona ule mzigo. Ulikuwa mdogo. Mtu mzima alikuwa anakwenda kurudishwa kwao na mzigo unaobebwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mimi nilimwonea haya mnyama kumtazama, lakini sikuona haya kumsema binadamu.

Nilipoaga, Baba Etabo alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinirudishia dume mmoja, yule aliyeng'atwa sikio, kisha akasema kwa upole kabisa, "Dokta, wakati mwingine niambie tu niangalie barabara."

Sasa nimerudi, koti limelowekwa, Mama Zaina hajasema neno. Yule mama wa dawa ya minyoo amesema yote. Tangu saa nane wateja wa mwaka mzima wananitumia picha za sungura wao wamelazwa tumbo juu, wengine wamemulikwa na tochi kabisa, na chini ya kila picha swali moja: dume au jike?

Msinicheke, nawaomba. Tumeni tu picha. Nitazitazama zote, moja moja, hata mkwe wangu akiwa amekaa hapa.