Kikohozi Changu Nakijua Mwenyewe

Jumatatu, 3 Juni
Nimekohoa mara nne asubuhi. Vumbi la pazia. Kikohozi changu nakijua kwa sauti. Mwanangu akachungulia mlangoni, akauliza, Mama unaumwa? Nikamjibu aumwe nani. Mgongo unauma, kichwa kinagonga, jana jioni baridi ilinivamia ghafla. Lakini hayo hakuyauliza.

Kesho mkewe anatoka hospitali na mjukuu wangu, mume wangu mdogo, ana siku nne. Sharti la nyumba: mwenye kikohozi hamshiki. Nesi atapita kutukagua kwanza.

Jumanne, 4 Juni
Mpango: vidonge viwili vya kushusha homa kabla ya nesi, kijiko cha asali mdomoni kutuliza koo. Pia nimemnong'oneza mwanangu kwamba mama mkwe wake anapiga chafya tangu juzi. Huyo namwita Bibi Mkoba, analala na mkoba wake. Nikasema namhofia mtoto. Kweli namhofia. Na sitaki Bibi Mkoba amshike wa kwanza.

Kipimajoto kwapani: hakuna homa. Nikamtazama Bibi Mkoba kama niliyeshinda kesi. Nesi akasema nipanue kinywa. Asali ikapita njia ya hewa. Nimekohoa mpaka kilemba kikadondoka, na kidonge cha akiba nilichokifunga humo kikaviringika hadi kwenye kiatu cha nesi.

Akakiokota. Akauliza nimemeza vingapi, saa ngapi. Sikuwa na pa kukimbilia.

Tukapimwa wote kwa kijiti puani. Bibi Mkoba, mafua ya kawaida. Mimi, influenza. Nesi akaeleza: mafua ya kawaida huja polepole, pua na chafya. Influenza humwangusha mtu ghafla, homa na viungo. Korona hufanana na yote mawili, ndiyo maana ya kipimo. Nikamwambia mimi napima kwa sikio miaka sitini. Akasema, Bibi, sikio halioni kirusi.

Kisha akaacha utani. Kwa umri wangu influenza inaweza kushuka mapafuni. Na mtoto wa siku tano, kinachonilaza mimi siku mbili kinaweza kumkata pumzi. Akipumua mbio, mbavu zikizama, akikataa ziwa, ni hospitali hapohapo. Hata Bibi Mkoba akae mbali mpaka apone.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango mwenyewe. Jambo la nadra.

Alhamisi, 6 Juni
Kitandani. Dawa za nesi chungu. Mwanangu anaweka supu mlangoni, anabisha, anaondoka.

Mtoto amelia mchana. Nikashuka kitandani, nikashika kitasa cha mlango. Nikakiachia. Nimesimama hapo mpaka akanyamaza. Kama ni mimi wa kumzibia pumzi, bora nikatwe mikono.

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwona nikiwa nje, kupitia kioo cha dirisha lililofungwa. Ana paji la uso langu. Bibi Mkoba naye alikuwa nje, amevaa barakoa, anasema paji ni la kwao. Nikamwambia kwa kioo hicho asingeona hata paji la tembo. Akacheka, akanitolea barakoa moja mkobani, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wangu. Si mbaya sana. Mdomo tu.

Jumatano, 12 Juni
Nesi ameturuhusu, sote wawili. Homa imekwisha siku nyingi, bila kidonge. Nimenawa mpaka viwiko, nimevaa barakoa, nimeketi. Wakaniwekea mume wangu mapajani. Mwepesi kama mkate. Amenishika kidole kana kwamba amenilipia mahari.

Nikakohoa. Mara mbili.

Wote wakageuka. Nikawaambia watulie, hilo ni vumbi la pazia, nalijua kwa sauti. Mwanangu akasema, Mama, mapazia ya nyumba nzima niliyatoa wiki iliyopita, kwa sababu yako. Nikatazama dirisha. Kweli, tupu.

Bibi Mkoba amemchukua mtoto. Nesi anarudi kesho na kijiti chake. Anajisumbua bure. Ni vumbi la ukuta.