Pete ya Kutambua Majogoo

Clive Petschel alikuwa anakula pai ya nyama kwenye soko la Jumamosi la Kurrabeen alipomwona mwanamke mzima akilia kwa sababu ya jogoo. Halmashauri ilikuwa imepiga marufuku majogoo ndani ya mipaka ya mji, eti wanaamsha watu. Mama huyo alitotolesha vifaranga wanane kwenye mashine yake mpya ya kutotolesha, akawalea kama wanawe, na sita kati yao wakaota upanga kichwani na kuanza kuwika. Majirani walikuwa wamemshtaki. Wenzake waliomzunguka walitikisa vichwa kwa uchungu, maana mwaka ule mayai yalikuwa adimu madukani na nusu ya mji ilikuwa imenunua mashine kama ile.

Mtu mwingine angempa pole akaenda zake. Clive alimpa pole pia, hakuwa mtu asiye na utu, ila alipomaliza kumpa pole alikuwa ameshajua atakula nini msimu mzima.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na meza, kitambaa cheupe, na pete iliyofungwa kwenye uzi. Aliwaambia watu ni pete ya ndoa ya bibi yake, aliyefuga kuku maisha yake yote bila kukosea yai hata moja. Pete yenyewe aliinunua kwa muuza mitumba, na bibi yake aliogopa kuku. Ikining'inizwa juu ya yai ikazunguka, humo mna jike. Ikienda mbele na nyuma, humo mna jogoo. Mayai ya majogoo Clive aliyaweka kando kwa huzuni kubwa. Ya majike aliyauza kwa bei mara tatu, na watu wakapanga foleni.

"Na akitokea jogoo, mleteni kwangu," alisema, mkono kifuani. "Namchukua mwenyewe, na kwa kila jogoo mmoja nakupa mayai mawili bure."

Aliipenda sana ahadi hiyo. Vifaranga wote ni vifaranga tu, na jogoo huchukua miezi kujitangaza. Hadi hapo Clive, pikapu yake na karavani yake wangekuwa jimbo jingine, chini ya jina jingine.

Mayai aliyapata kwa Bi Merle Quade, mjane aliyekaa nje kidogo ya mji, mahali ambapo majogoo huwika kwa ruhusa. Clive alimweleza kuwa ni msaada kwa kambi ya watoto yatima, kwa ajili ya kifungua kinywa. Aliporudi kuchukua mengine, Bi Merle alimtazama. Jumamosi ile alikuwa amepita sokoni, akaiona meza na pete yake.

"Na watoto hao wanataka mayai yenye mbegu, ya kutotolesha?"

"Ni watoto wa ajabu," alisema Clive.

Bi Merle akacheka puani. Akasema basi atampa ya banda la nyuma, lenye jogoo mwekundu na mitetea weupe wenye madoa shingoni, tena kwa nusu bei, maana yamemzidi. Clive aliondoka akimhurumia.

Kikwazo kilikuwa Col Brandis, sajenti mstaafu wa polisi, ambaye hakununua hata mkate bila kuunusa. Lakini tamaa alikuwa nayo: alitaka trei kadhaa ili awauzie majirani matembe, yaani kuku majike wachanga, kwa faida. Akatoa sharti kwamba Clive atotoleshe dazani moja ya mayai aliyoyapima kuwa ya majike juu ya kaunta ya klabu ya mji, mbele ya macho ya watu.

"Hata dirishani pa kituo chako cha zamani, sajenti," alisema Clive, kisha akamvisha kilemba cha ukoka kuhusu werevu wa polisi wa enzi zile.

Hivyo Clive, ambaye maishani hakuwahi kuangua chochote isipokuwa kicheko, akajikuta analea mayai. Aliyageuza asubuhi, mchana na jioni. Aliongeza maji kwenye mashine, akagombana na mhudumu aliyefungua dirisha la karibu. Siku moja aliyamulika kwa tochi kama kijitabu cha mashine kilivyoagiza, akaona mishipa myembamba na kitone kinachodunda. Alijiambia hii ni biashara tu, lakini tangu siku hiyo alikuwa akifika klabu kabla haijafunguliwa.

Siku ya kutotoa, klabu ilijaa. Yai la kwanza lilipopasuka Clive alikuwa amebandika uso kwenye kioo cha mashine.

"Kaza, mwanangu," alinong'ona. "Kaza kidogo tu."

Kifaranga akatoka amelowa, akakauka, akawa wa njano. Wa pili akakauka mwekundu. Hadi jioni walikuwa saba wa njano na watano wekundu, na Clive anafuta machozi ya kweli kwa leso ya karatasi.

"Wale wa njano ni majogoo," alisema Bi Merle kutoka pembeni, bila kuinua sauti.

Col akauliza amejuaje.

"Jogoo wangu mwekundu akipanda mitetea wale weupe, madume hutoka njano, majike hutoka wekundu, siku hiyohiyo. Wafugaji wote wa huku kwetu wanajua. Nilidhani na Clive anajua. Si ana pete?"

Mmoja mmoja, watu wakaacha glasi zao wakaenda nyumbani kuangalia mashine zao.

Asubuhi Clive alikuta foleni ya maboksi yanayolia mlangoni pake, na Col ameketi juu ya chuma cha kukokotea karavani, mpole kabisa. Hakuna aliyetaka kurudishiwa pesa. Walitaka ahadi: mayai mawili kwa kila jogoo. Clive akakimbilia kwa Bi Merle, akakuta bei imepanda kupita ile aliyouzia yeye sokoni.

"Bi Merle, huu ni wizi."

"Ni mayai ya ajabu," alijibu Bi Merle.

Yote aliyovuna Kurrabeen yakaishia hapo, na bado hayakutosha. Bi Merle akasema atapokea pete na kitambaa cheupe. Clive aliondoka mjini na pikapu iliyojaa majogoo wadogo wasiotakiwa na mtu, na yule wa kwanza wa njano akiwa mfukoni mwa shati lake, mahali penye joto.

Jumamosi iliyofuata Bi Merle aliketi kwenye meza ileile, na boksi la vifaranga wekundu watupu. Rangi ilijionesha yenyewe, hata kipofu angeelezwa akaelewa. Lakini yule mama aliyelia kwa sababu ya jogoo alisitasita, akauliza kama wamepimwa kwa pete.

Bi Merle akashusha pumzi, akatoa pete, akaining'iniza juu ya kifaranga. Ikazunguka. Mama akalipa, akaongeza na pesa ya kupimiwa.

Col Brandis aliomba wa kwake wapimwe mara mbili.