Kasiani Anunua Kinamasi

Chai aliyokuwa anakunywa Kasiani pale Kilosa mjini ilikuwa ya mkopo, lakini masikio yalikuwa yake. Akamsikia dereva wa serikali akisema kile kinamasi cha upande wa Mikumi kitahifadhiwa, maji yake yasikauke, na wenyewe watalipwa fidia. Chai ikampalia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi yuko kwa Bibi Domina, mwenye kinamasi.

"Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba. Mbona unakanyaga kama kuku aliyetoka kwenye mvua?"

Udongo wa pale ni mweusi, wa majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Ukikanyaga unanesa kama godoro. Bibi aliishi kwa magimbi ya humo. Shamba jingine hana.

"Bibi, serikali inakuja kukunyang'anya. Niuzie mimi, angalau upate baiskeli hii. Ina taa, ina kengele."

"Na magimbi yangu?"

Kasiani akakunja pua. "Mimi huyu nile magimbi? Hayo yako, bibi, hata ukipanda mengine. Nataka ardhi."

"Umemsikia, Stefano?" Bibi akamwuliza jirani yake aliyekuwa akipita.

"Nimemsikia, mama."

Baiskeli ikaingia ndani. Siku zilizofuata Bibi na binti zake wakapanda magimbi mpaka ukingoni, Kasiani akiwatazama na kucheka peke yake. Wajinga wa Mungu, wanajichosha! Hivyo ndivyo alivyowaza, mwenye akili zake.

Ofisa Lukasi wa fidia alipofika, Kasiani akawa wa kwanza mbele, amechana nywele.

"Mwenye ardhi ni mimi!"

"Umepanda nini, ndugu?"

"Nipande nini tena? Si nimesema ardhi yangu?"

"Ardhi ni ya taifa, ndugu. Fidia ni ya jasho: nyumba na mimea."

"Mimea yangu," Bibi akasema taratibu. Stefano akaitikia kwa kichwa.

Lukasi akamkazia Kasiani macho. "Hebu rudia. Umenunua mali ya taifa? Mlanguzi wa ardhi ni kupe, na kupe tunampeleka polisi."

Pembeni, askari mgambo akajikohoza.

"Kununua? Nani kanunua? Mimi... nimekuja kumsaidia bibi kazi."

"Mtoto mwema!" Bibi akamtwisha tenga. "Bwana ofisa akishayahesabu magimbi, uyang'oe yaliyokomaa. Fidia nipate, na nguruwe pori niwaachie? Vua viatu, baba. Anzia kule tope linakofika kiunoni."