Kuhusu Mgeni Aliyesimama Miaka Mitatu Katika Chumba cha Bayolojia

Ulemo, Iramba
9 Oktoba 1957

Kwa Bwana Afisa Elimu,
Jimbo la Kati, Dodoma.

Bwana Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na umekwisha kunywa chai, maana habari yenyewe ni ya msiba. Sisi huku hatujambo, isipokuwa huo msiba. Mimi ni Melkizedeki Msengi, mkulima, na kwa miaka ishirini na sita nimekuwa mchimba makaburi wa usharika wetu. Nimezika watu mia moja na kumi na wanne, wala hakuna aliyelalamika.

Binti yangu Dorkas anasoma darasa la kumi katika shule ya sekondari iliyo mlimani juu yetu. Anataka kuwa mkunga, nami nataka awe mkunga, kwa hiyo siku ya wazazi nilikwenda, jogoo mkononi, nione anafundishwa nini. Katika chumba cha bayolojia nikamkuta mtu amesimama pembeni. Macho yangu si ya zamani, nikadhani ni mzee aliyekonda. Nilivua kofia nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Nikamwamkia tena kwa sauti. Ndipo Mwalimu Stefano, anayefundisha somo hilo, akanieleza kwa upole kwamba ile ni mifupa ya mtu iliyoungwa kwa waya na kutundikwa kwenye chuma, na ni kifaa cha kufundishia.

Bwana, nimelifikiri jambo hili wiki mbili nzima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hana jina. Dorkas anajua majina ya mifupa yote mia mbili na sita, hata ile midogo ya ndani ya sikio, lakini jina la mwenye mifupa halijui, wala mwalimu halijui. Nilipouliza alikotoka, niliambiwa alikuja kwa treni hadi Itigi ndani ya sanduku, na kabla ya hapo labda Bara Hindi. Mtu mzima, kwao ni labda. Niliomba kuona daftari la shule. Ameandikwa kati ya ndoo na mafagio.

2. Hasalimiwi. Miaka mitatu watoto wanaingia na kutoka mbele yake bila hata hujambo. Mwalimu Stefano naye humtundikia kofia kichwani wakati wa kipindi. Nilimwuliza kama angeweza kumtundikia kofia baba mkwe wake. Akasema baba mkwe wake yu hai, jibu ambalo mpaka leo sijaona linahusu nini.

3. Hakuliliwa. Hili tumelirekebisha wenyewe. Watu wa Ulemo tumekaa matanga siku tatu bila kugusa jembe, na mvua ziko karibu. Lakini Febronia, anayeongoza kilio huku kwetu, hawezi kulia hivi hivi, lazima ataje mema ya marehemu. Akatuma mtu akaulize shuleni. Jibu likaja kwamba marehemu alikuwa na meno mazuri. Basi Febronia akayalilia meno hayo tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi, na kusema kweli na mimi nililia.

4. Hajazikwa. Mzee Idrissa wa Iguguno anasema mtu wa Bara Hindi huenda ni Mwislamu. Mwenye duka letu, ambaye asili yake ni huko huko, anasema huenda ni wa wale wanaochomwa moto. Mchungaji anasema hatafungua kinywa mpaka aone cheti cha ubatizo. Mimi sikutaka kumkosea mtu, kwa hiyo nimechimba kaburi lenye mwanandani, lenye msalaba unaong'oka, na kando yake nimepanga kuni. Limekaa wazi wiki ya pili sasa. Mbuzi wa jirani ametumbukia mara mbili.

5. Msiba hauna mfiwa. Wazee wamelijadili hili kwa makini. Kwa kuwa Serikali ndiyo iliyomwagiza marehemu, ikamsafirisha na kutia sahihi ya kumpokea, na kwa upande wa elimu Serikali ni wewe, wamekuona Bwana kuwa ndiye ndugu wa karibu. Tafadhali uje. Mkeka upo. Utakaa siku tatu, watu wote watakuja kukupa pole mmoja mmoja, na wewe ndiye utakayetupa udongo wa kwanza. Kuhusu kunyoa nywele, wazee wamesema kwa Mzungu hawatalazimisha.

Mpaka hayo yatimizwe nimemzuia Dorkas nyumbani. Hanijibu vibaya, lakini chakula hagusi, na mtihani wake ni mwezi ujao. Anasema bila mifupa ile atashindwa, na mkunga asiyejua mifupa ya nyonga anaweza kumwua mama na mtoto wake. Nimejaribu kumsaidia. Nimempa mama yangu mzazi, Klara, ahesabiwe mifupa akiwa hai. Mama alikaa juu ya kinu asubuhi nzima bila kutikisika. Walipofika mia moja na thelathini na tisa akasema imetosha, iliyobaki ataihesabu Mungu.

Kwa hiyo napendekeza somo la bayolojia lipangwe upya. Mwanafunzi ajifunze kwanza kuamkia. Kisha aulize jina, ukoo, na mtu alikufa kwa ugonjwa gani. Kisha ashike jembe, azike. Muda ukibaki, afundishwe mifupa. Mambo ya chura na panzi tunamwachia mwalimu.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, karani anayefungua barua hizi, na askari wa mlangoni. Klara anakusalimu, Febronia anakusalimu na kukupa pole ya kwanza.

Ni mimi ninayekungoja na jembe mkononi,
Melkizedeki Msengi

N.B. Nilimpa Dorkas barua hii asahihishe maandishi. Alisahihisha, kisha akanieleza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza. Marehemu ni mwanamume wa miaka kama thelathini. Mifupa ya shingo imesagika, kwa hiyo alibeba mizigo kichwani tangu utoto. Mkono wa kushoto ulivunjika ukaunga vizuri, maana yake kuna mtu aliyeufunga, akamtunza mpaka akapona. "Baba," akasema, "hapa Ulemo hakuna anayemjua kuliko mimi, na nilimjulia darasani."

Maneno hayo niliyapeleka kwa Febronia usiku ule ule. Febronia ameanza kulia upya, na safari hii ana la kusema.

Dorkas amerudi shule leo asubuhi, sanduku nimembebea mwenyewe. Basi Bwana, usije kwanza. Marehemu akae mpaka mtihani uishe, ndipo tumzike. Na kile chuma alichotundikwa kisibaki kitupu. Mimi nina miaka sitini na mmoja. Kusoma nilifundishwa na katekista jikoni kwake. Darasani sijakaa hata siku moja. Meno yamebaki ishirini, magoti yamekwisha kwa kuchimba, lakini mifupa yote ipo. Siku yangu ikifika, nichukueni. Jina liandikwe mlangoni, si kwenye daftari la ndoo. Kofia ya mwalimu naikubali, mradi watoto waniamkie wanapoingia.